Salfa Iacheni Shambani: Daktari wa Wanyama Anajibu

Wasomaji wangu, Mtwara kuchele! Barua ni nyingi mwezi huu na nafasi ni ileile, kwa hiyo habari za kliniki nazimaliza haraka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ipo. Jokofu letu sasa lina betri yake, umeme ukikatika linaendelea, maana chanjo hii inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za joto na umeme wetu mnaujua wenyewe. Jumamosi tunafanya upasuaji tu. Wagonjwa wa kawaida waje siku nyingine, ila wa dharura hatumrudishi. Nane Nane tutakuwa na meza yetu Ngongo, Lindi, njooni na maswali, mbwa waacheni nyumbani. Na wanaouliza kama tumehama: hatujahama. Mlango wa mbele sasa ni duka la vifaa vya simu, sisi tunaingilia ubavuni, penye mwembe.

Halafu nina ombi. Ukileta mnyama, niambie ulichompaka, ulichomnywesha na ulichomchoma kabla ya kuja. Sitakugombeza. (Nitakugombeza kidogo, lakini baada ya kumtibu.) Wengi wanaolazwa pale mezani wana maradhi mawili: yaliyowapata, na yaliyotokana na dawa ya nyumbani. Mara nyingi ya kwanza ndiyo madogo. Barua za mwezi huu zitawaonyesha.

Shikamoo daktari. Nina mbwa wa kulinda shamba. Amepata ukurutu, manyoya yananyonyoka kuanzia masikioni, anajikuna usiku kucha mpaka anatoka damu. Jirani ananiambia nichanganye salfa ya mikorosho na oili chafu ya gari nimpake mwili mzima. Salfa ninayo, imebaki. Nimpake?
*Mkulima wa korosho, Newala*

Marahaba. Usimpake.

Jirani yako hakuitoa hewani habari hiyo. Salfa ni dawa ya ukurutu ya tangu zamani, kwa watu na kwa wanyama, na hata leo zipo marhamu na maji ya kuogeshea yenye salfa. Lakini ile imepimwa na kuchanganywa kwa ajili ya ngozi. Yako imetengenezwa kupulizwa juu ya mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Wewe mwenyewe ukishika bloa, ile mashine ya kupulizia, unafunga kitambaa usoni, na jioni macho yanawaka. Sasa huyo mbwa utampaka unga ule juu ya ngozi iliyochubuka yenye majimaji, halafu hana kitambaa, na kazi yake ya kwanza ukimwachia ni kujilamba. Tumboni humletea gesi na kuhara, na akilamba nyingi inamdhuru kweli.

Oili chafu ndiyo inayonitia hasira zaidi. Mbwa mmoja aliletwa kutoka upande wa Naliendele, mweusi tii, anang'aa. Nikaandika kwenye kadi: rangi nyeusi. Tulimwogesha kwa sabuni ya kuoshea vyombo, maji yakabadilishwa na kubadilishwa tena, ndipo tukaona kumbe ni mbwa wa kahawia mwenye soksi nyeupe. Chini ya ile oili mgongo wote ulikuwa umeungua kwa jua, ngozi inatoka na kitambaa. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba vyuma na kemikali. Zinapenya kwenye ngozi, nyingine analamba, zinaishia kwenye ini na figo. Watu wanaipenda kwa sababu siku mbili tatu za mwanzo mbwa anaacha kujikuna. Ni kweli, ukurutu huletwa na wadudu, na oili inawaziba pumzi baadhi yao walio juu. Ila wale wanaoleta tabu hawako juu. Jike wa ukurutu anachimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo.

Jaribu hivi kabla ya kuja. Shika ukingo wa sikio la mbwa wako, ukunje, uusugue kwa vidole viwili taratibu. Mguu wake wa nyuma wa upande uleule ukianza kujikuna hewani wenyewe, hapo shaka yangu ya ukurutu inakuwa kubwa. Ukishamaliza nawa mikono vizuri, na uniambie kama kuna mtu hapo nyumbani anayewashwa mikononi au tumboni, hasa watoto wanaocheza naye. Wadudu hawa huhamia kwa watu. Hawadumu sana kwetu, lakini kuwasha wanawasha.

Kliniki nitakwangua ngozi kwa wembe butu wenye tone la mafuta, mpaka pawe pekundu kidogo, niweke kwenye kioo, niangalie kwa hadubini. Ukibahatika unamwona: duara, na vijiguu vifupi vinavyochezacheza, pengine na yai pembeni. Huwa nawaita wenye mbwa waangalie nao. Mzee mmoja wa Tandahimba aliinama, akatazama kitambo, akainuka bila kusema neno, akaanza kujikuna yeye.

Kukwangua kuna sababu nyingine. Upo ukurutu wa aina ya pili, unapenda watoto wa mbwa, unaanza kuzunguka macho na mdomo, na hauwashi sana. Huo hauambukizi watu na matibabu yake ni ya muda mrefu zaidi. Kwa macho tu unaweza kudanganyika.

Dawa tunayotumia sana ni aivamektini. Najua inapatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo, na najua kuna wanaonunua na kujichomea mbwa wao nyuma ya nyumba. Ile chupa ya asilimia 1 ni ya ng'ombe: mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Mbwa wako wa kilo 12 anahitaji kiasi kisichojaza hata robo ya mililita, na sindano kubwa haiwezi kupima kiasi hicho. Ukizidisha, mbwa anayumba, anatoa mate, haoni, anazimia. Jamii ya koli, wale mbwa wa kuchungia kondoo, na ndugu zao, pamoja na machotara wao, wengi hawaivumilii dozi hii. Tunachoma, tunarudia baada ya wiki mbili ili tuwawahi walioanguliwa kwenye mayai, na mbwa wengine wote wa shambani wanatibiwa siku hiyohiyo. Magunia anayolalia choma moto.

Assalaam alaykum daktari. Paka wangu alijaa viroboto. Shemeji anafuga ng'ombe, akanigawia dawa yake ya kuogeshea kwenye chupa ya maji, nikamwogesha asubuhi. Jioni akaanza kutetemeka, masikio yanarukaruka. Nikampa nusu ya Panadol na maziwa. Hakuamka. Ninao wengine wawili wenye viroboto vilevile. Nifanye nini?
*Mama wa paka, Mikindani*

Waalaykum salaam, dada yangu. Pole sana. Umeniambia kila kitu bila kuficha na nakushukuru, kwa sababu ndivyo tutakavyowaokoa hao wawili.

Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe na za kupuliza kupe ni za jamii moja na zile dawa za mbu za kupuliza ndani ya nyumba. Ng'ombe anazimudu, mbwa anazimudu kwa kipimo. Ini la paka halina uwezo wa kuzivunja. Zinabaki mwilini zinachezea mishipa ya fahamu, ndiyo maana ukaona masikio yanaruka na mwili unatetemeka. Ipo na nyingine, amitrazi, ambayo kwa mbwa tunaitumia kwa kipimo. Hiyo nayo kwa paka isikaribie.

Panadol ikamalizia. Ubovu ni uleule wa ini. Kwa paka inaharibu damu isibebe hewa. Ufizi unageuka kijivu au kahawia, uso na nyayo vinavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa mwenye afya, na nusu pia ni nyingi mno. Dawa nyingine za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, nazo msiwape, paka wala mbwa. Na maziwa jamani, maziwa hayaui sumu. Kwa mnyama anayetetemeka yanaweza kuingia mapafuni.

Mwingine akikumbwa na hali hiyo, kama dawa ipo kwenye manyoya mwogeshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike asipate baridi, mlete. Usimtapishe. Njoo na chupa au hata picha ya lebo yake. Hiyo lebo inaniokolea muda kuliko maelezo yote.

Kuhusu viroboto wa hao wawili: unaowaona kwenye paka ni wachache. Wengine bado ni mayai na viwavi kwenye mkeka, kwenye godoro, kwenye mchanga wa uani pale kivulini. Toa mikeka juani siku nzima, fua wanachokilalia kwa maji ya moto, fagia pembe za chumba kila siku na takataka zake zichome. Paka mwenyewe mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, na bakuli la maji ya sabuni pembeni la kutumbukizia unaowanasa. Halafu njoo nikupe dawa ya paka, iliyoandikwa paka, kwa uzito wa kila mmoja. Wa chini ya miezi miwili tutamchana tu.

Daktari, alfajiri mbweha aliingia uani akapigana na mbwa wetu wawili. Mmoja alichanjwa mwaka juzi, mwingine hajawahi. Mwanangu wa miaka 8 alikwenda kuwaachanisha, ana mkwaruzo mkononi. Hajui kama ni kucha au meno, na ya nani. Mama mkwe amempaka mafuta ya taa. Vijana wamemuua mbweha wakamtupa korongoni. Tusubiri tuone?
*Baba wa mtoto, Nachingwea*

Barua hii ilikuja na namba ya simu, nikampigia siku ileile. Mtoto alipelekwa hospitali na dozi za chanjo anaendelea nazo. Naichapisha kwa ajili yenu wengine, kwa sababu kila msimu napata ya namna hii na neno "tusubiri" halikosekani.

Hakuna kusubiri. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Muda wa kumwokoa ni ule kabla ya dalili, na muda huo upo: mara nyingi ni miezi miwili au mitatu tangu kuumwa, ingawa unaweza kuwa wiki chache tu, hasa jeraha likiwa usoni au kichwani. Kwa hiyo hata aliyeumwa wiki iliyopita hajachelewa, aende leo.

Cha kwanza ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, mkitazama saa. Dakika 15 ni nyingi kuliko mnavyodhani, mtoto atalia, mpeane zamu. Sabuni ya kipande ya kufulia inafaa. Virusi hivi vina ganda la mafuta, sabuni inaliyeyusha. Mafuta ya taa, tumbaku, majivu, pilipili, vyote vinaunguza nyama na kuwapa virusi njia. Kidonda kisishonwe kwa haraka. Kisha kituo cha afya, na dozi zote zimalizwe hata kama mkono umepona. Chanjo haipatikani kila kituo na si bei ndogo, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda gari: hospitali ya wilaya kwanza, halafu zile kubwa, Ndanda, Ligula, Sokoine ya Lindi.

Sasa mbweha. Mbweha anayeingia kwenye uwanja wa watu na kupigana na mbwa wawili amepoteza woga, na kupoteza woga ni dalili. Kusini yetu ina jambo lake hapa. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa Lindi na Mtwara walikuta mbweha wana sehemu kubwa ya visa, jambo lisilo la kawaida kwingi nchini. Watu wakisikia hivyo wanasema basi, ugonjwa ni wa porini, kuchanja mbwa kuna faida gani? Wataalamu haohao walipofuatilia mnyororo wa maambukizi waliona mbwa wa nyumbani ndio wanaouendeleza. Ukichanja mbwa wa kutosha na kwa mbweha unapungua. Kuanzia mwaka 2010 mikoa yetu hii ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini mashariki mwa Tanzania. Wengi wenu mnakumbuka foleni za mbwa chini ya miembe, watoto wakivutwa na kamba badala ya kuvuta. Tatizo la foleni zile ni kwamba zinatakiwa kila mwaka. Lengo ni asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa, na mbwa wetu wanakufa haraka na kuzaa haraka; ukiruka mwaka mmoja, uani kumejaa wapya ambao hawajaguswa.

Mbwa aliyechanjwa mwaka juzi muda wake umepita, lakini si sawa na asiyechanjwa. Arudiwe chanjo mara moja, afungwe na kuangaliwa siku 45. Yule wa pili nilimwambia baba ukweli mchungu: ama alazwe usingizi wa mwisho, ama afungiwe peke yake miezi isiyopungua minne mahali ambapo hata mtoto hafiki. Si kufungwa kamba kwenye mpapai. Kufungiwa.

Mzoga wa mbweha mliutupa, na fisi au mbwa wa jirani washaufanyia karamu. Siku nyingine msimpige kichwani na msimchome moto, kwa maana ubongo ndio tunaopima. Msimshike kwa mikono mitupu. Mwiteni bwana mifugo achukue kichwa kwa utaratibu wake. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo hapa Mtwara. Mabaki yazikwe kwa kina.

Na jambo ambalo watu hawalitegemei. Si kila mbwa mwenye kichaa anakimbia anang'ata. Wengine wananyamaza. Anajificha chini ya kitanda au nyuma ya choo, taya limelegea, mate yanatiririka, sauti imebadilika, anataka kunywa na maji hayapiti. Mwenyewe anasema amekwamwa na mfupa, anatia mkono kooni kuutafuta. Tafadhali. Mbwa mwenye taya lililoanguka usimtie mkono mdomoni, hata kama jana alikula kichwa cha kibua na mifupa yake yote.

Mbwa wa kaka yangu aliokota samaki ufukweni, baada ya muda mfupi miguu ya nyuma ikakataa, akafa anatuangalia. Wazee wanasema ni bunju, yule samaki anayejivimbisha. Kweli samaki mmoja anaweza kuua mbwa?
*Msangamkuu*

Wazee wako sahihi, na pole kwa kaka. Sumu ya bunju iko zaidi kwenye ini, mayai na ngozi, na haiondoki kwa kupika wala kwa kukauka juani. Inazima misuli, mnyama anaona na kusikia lakini hawezi kujitikisa, mwisho misuli ya kupumua nayo inasimama. Hakuna dawa ya kuiua sumu hiyo. Akifikishwa mapema tunaweza kumsaidia kupumua na kumwekea maji, wachache hupona. Wavuvi, bunju akiingia kwenye nyavu msimrushe mchangani, mzikeni mbali na wimbi. Sumu hiyohiyo inaua watu.

Sisi ni Waislamu, tumeweka mbwa kwa ajili ya ulinzi baada ya wizi wa mara kwa mara. Hatumshiki. Ana kupe wengi, sasa wanapanda hadi ukutani barazani. Nitamwogesha vipi bila kumgusa, na nimwambie nini mume wangu anayesema afukuzwe?
*Lindi mjini*

Habari za najisi na namna ya kujitwaharisha muulizeni sheikh wenu, mimi sina elimu hiyo na sitaki kuivamia. Ninachokijua ni kupe.

Hao wanaopanda ukutani ni kupe wa kahawia wa mbwa. Jike akishiba damu anaanguka, anapanda ukuta au anaingia kwenye ufa, anataga maelfu ya mayai, kisha anakufa. Watoto wanaotoka wanaweza kukaa miezi bila kula, wanamsubiri mbwa. Kwa hiyo ukimwogesha mbwa peke yake unarudi mwanzo wiki ijayo. Ziba nyufa za baraza kwa saruji, hiyo ndiyo dawa yako ya kwanza na haina haja ya kumgusa mbwa. Banda lake lipakwe chokaa, nyasi za pembeni zikatwe.

Kwa mbwa mwenyewe, zipo dawa za kumeza zinazoua kupe kwa wiki kadhaa. Unakitia kidonge ndani ya kipande cha nyama, unamtupia. Nimefurahi kuona zinaanza kupatikana huku kwetu, ingawa bei inauma. Kama ni kuogesha, atafutwe kijana wa kazi hiyo, glavu, brashi ya mpini mrefu na ndoo ya mbwa peke yake. Kupe asichomwe kwa kiberiti wala kumwagiwa mafuta ya taa. Anashikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu.

Angalia ufizi wake. Ukiwa mweupe, au akatoka damu puani, au mkojo ukawa rangi ya kahawa, mlete bila kuchelewa, kupe wamemwachia homa. Mojawapo ya homa hizo inatibiwa kwa doksisaiklini kwa takriban mwezi mzima, na nasisitiza mwezi, kwa sababu siku ya tatu mbwa anaanza kula na watu wanaweka vidonge kabatini. Mumeo mwambie akimfukuza mbwa leo, kupe watabaki ukutani na njaa yao.

Naomba kujua, naweza kumchoma paka wangu sindano ya uzazi wa mpango, ya akina mama? Anazaa bila kupumzika.
*Chikongola*

Usimchome. Inaleta usaha kwenye mji wa mimba na uvimbe kwenye chuchu, na nimeshafungua matumbo ya kutosha kuona hayo. Paka anabeba mimba siku 63 hadi 65 na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha, kwa hiyo uchovu wako naujua. Mlete Jumamosi tumfunge kizazi, ni mara moja na yamekwisha. Dume pia tunahasi, ataacha kukojolea mapazia.

Kuku wangu wanakufa kwa mdondo kila mwaka kiangazi kikianza. Nawapa mwarobaini na pilipili.
*Masasi*

Safu hii si ya kuku lakini umeomba kwa adabu. Mdondo, wengine mnauita kideri, hauna tiba. Mwarobaini unawachungia tu mpaka wafe. Chanjo ya matone ya jicho, tone moja kwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu, vifaranga na majogoo. Changia chupa moja na majirani, ni ya kuku wengi. Chanja walio wazima. Wakishaanza kupinda shingo umechelewa.

Nataka kumleta paka kufungwa kizazi kutoka Msijute kwa bodaboda. Mara ya mwisho alitoboa mfuko akaruka njiani. Nimbebe vipi?
*Msijute*

Mfuko uache. Chukua tenga la kuku lenye mfuniko, tandika khanga kuukuu yenye harufu ya nyumbani, funga mfuniko kwa kamba sehemu mbili, kisha funika tenga lote kwa khanga ya pili ili asione barabara. Keti nyuma, tenga lako katikati yenu, si kwenye mpini wa pikipiki. Chakula asile kuanzia saa nne usiku wa kuamkia Jumamosi, maji aachiwe mpaka alfajiri. Kama ananyonyesha au unahisi ana mimba, niambie kabla sijamchoma dawa ya usingizi. Fika saa mbili asubuhi, mlango wa ubavuni.